Mikesha mitatu ya Khoma na jogoo wa mjomba wangu

Wale mlioniandikia kuhusu yule mama mwenye nyumba anayewahesabia wapangaji ndoo za maji, naomba subira, nitarudi kwenu. Wiki hii nina langu. Leo ni siku ya nne nalala taa ikiwaka, mimi mtu mzima wa miaka 56, mwenye wajukuu wawili wanaoniita babu, na mama watoto amekwisha kunipa onyo la mwisho: ama nizime taa, ama nihamie sebuleni na mto wangu. Kisa ni filamu. Tena si filamu mpya, ni filamu iliyotoka kabla mimi sijazaliwa.

Inaitwa Viy, ukiitamka sema "Vii". Ni ya Kirusi, ilitoka mwaka 1967 katika studio za Mosfilm za kule Moscow. Urefu wake ni dakika 77 tu. Najua wapo watakaocheka, eti filamu ya saa moja na robo ya mwaka 1967 itamtisha nani zama hizi ambapo watoto wa darasa la pili wanaangalia watu wakikatwa vichwa huku wanakula chipsi. Cheka tu. Na mimi nilicheka, dakika 20 za mwanzo.

Ngoja nianzie mbali kidogo.

Sisi tumekulia Korogwe, nyumbani kwa bibi mzaa mama. Mjomba wangu, kitinda mimba wa bibi, alipata nafasi ya masomo Urusi, yaani Muungano wa Kisovieti kama ulivyoitwa wakati ule. Vijana wengi wa Afrika walikwenda huko kusomea uinjinia, udaktari, kilimo. Ukifika, mwaka mzima unafundishwa Kirusi kwanza, ndipo unaingia chuo. Mjomba akapangiwa Kiev. Aliondoka mwaka 1975 na sanduku la mbao, akarudi mwaka 1981 akiwa mhandisi, ana koti zito ambalo pale Korogwe halikuvaliwa hata siku moja, likaishia kuwa tandiko la paka. Na alirudi na hadithi.

Mimi nilikuwa na miaka 12. Umeme hamna, chemli ni moja, nayo iko kwa wakubwa. Sisi watoto tumekaa mkekani nje, mjomba anaanza: palikuwa na kijana mmoja wa seminari, jina lake Khoma, akatakiwa kukesha na maiti wa msichana ndani ya kanisa, usiku wa kwanza, wa pili na wa tatu. Mjomba alikuwa fundi wa kusimulia, asikwambie mtu. Hakumaliza siku moja. Mkesha wa kwanza alitusimulia Ijumaa, wa pili Jumamosi, wa tatu Jumapili, na siku zote hizo hakuna mtoto aliyekwenda chooni peke yake. Choo kilikuwa nyuma ya migomba. Tulikwenda watano watano, kama mgambo.

Katika hadithi ya mjomba, usiku wa tatu maiti anawaita mashetani wote, na mashetani wanamleta mkubwa wao, zee moja zito lenye kope zinazoning'inia mpaka chini, linataka kope hizo ziinuliwe limwone Khoma. Wanazishika, wanaanza kuziinua, zimefika nusu... jogoo akawika! Mashetani mbio, Khoma akapona, akalipwa dhahabu yake, akarudi mjini akaoa. Sisi tukapiga makofi. Miaka na miaka niliamini ni jambo lililotokea kweli huko Kiev, mtaa wa pili kutoka bweni la mjomba.

Kumbe ni filamu. Na kabla ya filamu ni kitabu. Aliyekiandika ni Nikolai Gogol, aliyezaliwa mwaka 1809 katika nchi ambayo leo ni Ukraine na akaandika kwa Kirusi. Hadithi hii aliitoa mwaka 1835. Aliwaambia wasomaji kwamba ni ngano ya watu wa kwao, yeye ameisimulia tu kama alivyoisikia. Wataalamu wakaja kuchimba, huyo Viy mwenye kope za kufika chini hawakumkuta kwa jina hilo katika ngano za huko, na wengi wanaona Gogol alimtunga mwenyewe. Mjomba wangu alipata mwalimu anayemfaa.

Filamu nimeipata hivi karibuni kwa kijana wangu. Mosfilm waliamua tangu mwaka 2011 kuziweka filamu zao za zamani YouTube, bure, nyingine zikiwa na maandishi ya Kiingereza yanayopita chini. Kijana akaniwekea kwenye kompyuta yake ya mapajani. Nikaona nisiiangalie peke yangu. Si woga! Niliona ni heshima kumpelekea mwenye hadithi yake. Jumamosi iliyopita nikapanda basi mpaka Tanga, ambako mjomba anaishi tangu astaafu.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba, mjomba wangu. Umeniletea nini?"

"Nimekuletea Khoma."

Akanyamaza kidogo, halafu akacheka mpaka akakohoa.

Sasa kuna jambo sijawaambia. Mjomba haoni. Presha ya macho imemla taratibu, siku hizi anatofautisha mwanga na giza, basi. Kwa hiyo tulikaa hivi: mimi naona, Kirusi sijui hata cha kuombea maji, yeye Kirusi anakijua kama Kiswahili, lakini haoni. Mimi namweleza kinachopita kwenye kioo, yeye ananieleza wanachosema, maana hayo maandishi ya Kiingereza yanakimbia kama yana deni dukani. Mke wa mjomba akajiunga nasi kwa sharti moja, mlango ufungwe kwa komeo.

Filamu inaanza kwa vurugu. Wanafunzi wa seminari wamepewa likizo, wanatoka kama ng'ombe waliofunguliwa zizi, wanakwapua vyakula vya watu, wanawasumbua kina mama. Hao ndio makasisi wa kesho! Khoma na wenzake wawili wanapotea njia, usiku unawakuta porini, wanabisha hodi kwa bibi kizee. Bibi anawatenganisha pa kulala, Khoma anatupwa zizini. Usiku bibi anamfuata kule, kanyosha mikono. Khoma anadhani bibi kamtamani! Anakwepa huku, anakwepa kule, na ukijua kwamba huyo bibi ameigizwa na mwanamume, Nikolai Kutuzov, ndiyo unacheka zaidi. Ghafla bibi kamrukia mgongoni kama mtoto wa kubebwa, na haoo, wamepaa. Mashamba yanapita chini, maji yanapita chini, ukungu umetanda.

Khoma anakumbuka maombi yake, wanashuka, naye anashika fimbo anamtwanga yule bibi. Anatwanga kweli kweli. Na chini ya zile fimbo bibi anageuka msichana mzuri, mdogo, amelala kwenye majani anahema.

Hapo mjomba aliniambia nisimamishe.

"Umeona kosa lilipo?" akauliza.

Mke wake akadakia kwamba kosa ni la mchawi, nani alimtuma ampande mtoto wa watu. Mjomba akasema sawa, lakini yule alikuwa amekwisha kushindwa, kushindwa huko kungetosha. Mimi nikawakumbuka wale bibi vizee wa Shinyanga na Mwanza waliouawa kwa mapanga kwa sababu tu macho yao ni mekundu, na wekundu wenyewe ni wa moshi wa jikoni, miaka na miaka ya kupikia samadi kavu. Wale hawakumpaisha mtu. Kwa hiyo fimbo za Khoma sikuzicheka, na nadhani waliotengeneza filamu hawakutaka tuzicheke. Kuanzia hapo kijana ana deni, na mwenye kudai anakuja.

Anakuja kwa gari la farasi. Tajiri mmoja, akida wa Wakosaki, binti yake amerudi nyumbani hoi kwa kipigo, na kabla hajakata roho ametaja jina: aje Khoma wa seminari, anisomee sala siku tatu usiku. Khoma anakataa. Mkuu wa seminari, ambaye kitabuni ametumiwa mayai na nafaka na huyo tajiri, hataki kusikia. Wakosaki wanampakia Khoma garini, wanakunywa naye njia nzima, wanamchekea, na hawamwachii nafasi ya kuruka. Akifika, binti amekwisha kufa. Anamwangalia usoni. Ni yule yule.

Baba anampa maneno mawili tu: ukimaliza mikesha mitatu, vipande 1,000 vya dhahabu, ukikimbia, mijeledi. Hebu niambie, msomaji, wewe ungechagua nini?

Na hapa ndipo naanza kuelewa kwa nini filamu hii imenishika. Mimi nimeona za kutisha nyingi. Nimekaa kwenye mabanda ya video ya miaka ya tisini, benchi la mbao, jasho, Dracula mmoja baada ya mwingine. Nimeangalia Nsyuka ya Mussa Banzi mpaka majirani wakagonga ukuta. Katika nyingi ya hizo, usiku ni usiku tangu mwanzo, radi inapiga, muziki unakutonya kwamba sasa ogopa. Viy haifanyi hivyo. Mchana wake ni mchana kweli. Jua linawaka, mabata yanapita uani, watu wanakula, wanalewa, wanalia kwa ulevi, wanataniana. Wewe nawe unakaa nao, unapumua, unawapenda. Halafu jua likishuka, watu hao hao uliokula nao wanamshika Khoma mkono, wanampeleka mpaka kwenye lile kanisa la mbao lililochakaa, wanamwingiza, na wanafunga mlango kwa nje.

Kwa nje, jamani! Mimi huyo maiti nitamvumilia. Sauti ya kile kitasa ndiyo iliyonipanda mwilini. Si watu wabaya. Hakuna anayemchukia Khoma. Wanatekeleza amri ya bosi, wanarudi kulala, asubuhi watamfungulia na kumuuliza vipi, umeamkaje. Kila mtu aliyewahi kuajiriwa anakijua kitasa kile.

Mkesha wa kwanza. Khoma anawasha mishumaa kila mahali kanisa ling'ae, ananusa ugoro, anapiga chafya, anajipa moyo. Anasoma. Anachungulia jenezani, chozi linateremka shavuni kwa maiti, chozi la damu. Anasoma haraka haraka. Maiti anaketi. Anashuka kwenye jeneza, gauni jeupe, taji la maua kichwani, mikono mbele, anamtafuta. Khoma anachora duara la chaki sakafuni, anakaa ndani yake. Sasa sikiliza: maiti hamwoni. Anafika kwenye mstari wa chaki na kuanza kupapasa hewa, kama mtu anayepapasa kioo cha dirisha gizani. Uso wake uko shubiri moja na wa Khoma. Anapapasa, anazunguka, anapapasa.

Nilipokuwa nikimweleza mjomba hilo, niliona mikono yangu mwenyewe iko hewani inapapasa. Mke wa mjomba akaenda kuangalia komeo.

Huyo msichana ni Natalya Varley, na hapa waliotengeneza walikuwa wajanja. Varley alitoka kwenye sarakasi, alikuwa akitembea juu ya kamba. Mwaka huo huo wa 1967 Warusi walikuwa wamemwona katika filamu ya kuchekesha ya msichana anayetekwa huko milima ya Caucasus, nchi nzima ikampenda. Watu hawajamaliza kumpenda, huyu hapa kalala jenezani. Naye Khoma ni Leonid Kuravlyov, aliyefariki Januari 2022, mtu wa vichekesho ambaye Warusi walimzoea kumcheka kabla hajafungua mdomo. Kwa hiyo unayemhurumia mle ndani si shujaa, ni jamaa yako wa kijiweni, mlevi kidogo, mwongo kidogo, mvivu, aliyetamani kula na kulala tu. Shujaa angepigana. Huyu anaimba, anafumba macho, anawaza ataponyokaje.

Mkesha wa pili jeneza linaruka. Linazunguka kanisa zima, maiti amesimama juu yake kama utingo mlangoni mwa daladala, linaligonga duara, linarudi, linaligonga tena, kamera nayo inazunguka mpaka kichwa kinakuuma. Hakuna kompyuta mle, mwaka 1967 ingetoka wapi. Ni nyaya na ufundi. Varley mwenyewe amesimulia kwamba katika kupiga picha hizo alianguka, na aliyemdaka ni Kuravlyov. Khoma anamdaka maiti wake! Asubuhi Wakosaki wanafungua mlango, wanamkuta nywele zimekuwa nyeupe.

Ufundi huo una mwenyewe. Waongozaji wa filamu walikuwa vijana wawili waliotoka masomoni, Konstantin Yershov na Georgi Kropachyov. Studio ikamleta mzee, Aleksandr Ptushko, awasimamie na kushughulikia maajabu. Ptushko alianza na vikaragosi. Mwaka 1935 alitoa filamu ya Gulliver ambamo mtoto mmoja wa kweli anacheza kati ya vikaragosi kibao, baadaye akawa bingwa wa filamu za ngano za Kirusi. Mkono wake unauona. Yale mashetani ya usiku wa tatu ni kama yamefinyangwa na mtu aliyecheza na udongo tangu utotoni. Wengine watasema yamepitwa na wakati, mpira unaonekana. Ni kweli, unaonekana. Lakini na vinyago vya ngoma za kwetu mbao yake inaonekana, na bado watoto wanakimbia.

Mwaka 2014 Warusi walitoa Viy nyingine, ya kuvaa miwani, pesa nyingi, kompyuta tele, na Mwingereza mchora ramani ndani yake. Niliiona. Mashetani yake yana pembe nyingi kuliko ng'ombe wa Ankole. Nilimaliza nikaenda kulala vizuri tu, taa imezimwa.

Kitu kingine kinachowashangaza watu ni kwamba serikali ile ya Kisovieti, isiyotaka kusikia habari za Mungu wala za shetani, iliruhusu filamu ya kanisa, sala na mchawi. Inatajwa kama filamu ya kwanza ya kutisha ya Kisovieti. Mimi naona jina la Gogol ndilo lililofungua mlango. Huwezi kumzuia mwandishi anayefundishwa shuleni. Mjomba anasema bwenini kwao kila Mrusi na kila Mukraine alikuwa ameisoma, na kila mmoja alidai ni ya kwao. Alipofika hapo akatulia. Tangu vita vya mwaka 2022 huwa anasikiliza taarifa za Kiev kwenye redio usiku, anataja mitaa kwa majina kama mtu anayehesabu watoto.

Basi tukafika mkesha wa tatu. Khoma amejaribu kutoroka, wamemkamata. Amekunywa, amecheza ngoma peke yake uani mpaka watu wamekoma kucheka. Jua linashuka. Mjomba akaomba maji. Akanywa, akaweka kikombe.

"Mjomba, hapa mimi sikupaona."

"Kwa macho haya?"

"Hata kwa yale ya zamani."

Nikasimamisha.

Ilikuwa Februari 1978. Filamu ilikuwa ya miaka kumi na zaidi tayari, inaonyeshwa klabu ya bweni usiku wa Jumamosi. Wiki hiyo hiyo mjomba alikuwa amepokea telegramu kutoka Korogwe: mama amefariki. Telegramu imefika bibi amekwisha kuzikwa, siku ya tano. Nauli hamna, ruhusa hamna, na hata angekuwa navyo, azike nini? Mimi mazishi yale nayakumbuka, nilikuwa na miaka tisa, watu walikuwa wakiulizana kama kijana wa Urusi ameambiwa. Wenzake bwenini wakamburuta kwenda klabu achangamke. Wakamwambia ni ya kuchekesha, yumo Kuravlyov.

"Nikacheka mwanzoni," mjomba akasema. "Halafu ikaja ile ya mishumaa. Mtu baki, wa kulipwa, anamkeshea mtoto wa watu. Siku tatu. Mimi mama yangu sikumkeshea hata saa moja. Ya pili nikaivumilia. Walipomwingiza mara ya tatu nikainuka, nikatoka nje kwenye theluji bila koti. Sikurudi."

"Na yule mwenye kope ulimjuaje?"

"Walimwigiza bwenini wiki nzima, wanashikana kope. Nikawakataza wasiniambie kilichofuata."

"Kwa hiyo jogoo..."

"Jogoo ni wangu."

Mke wake alikuwa akimtazama kama mtu anayemwona mara ya kwanza. Nadhani hata yeye hakuwa na habari hiyo. Mimi nikauliza, tuache? Akasema endelea, nimechelewa vya kutosha.

Nikaendelea. Nikamweleza mikono inavyotoka ukutani na sakafuni. Nikamweleza viumbe vinavyoteremka kuta kichwa chini, vya kijivu, vingine vifupi kama watoto, vyote vinamtafuta Khoma na havimwoni, maana chaki bado inazuia. Maiti anamwita Viy. Sakafu inatikisika. Linaingia, zito, kama kichuguu kinachotembea, kope zimefunika uso. Mjomba akasikia linavyosema, akanong'ona kabla sijasoma maandishi: linataka kope ziinuliwe. Wanaziinua. Na Khoma anajua. Moyoni anajiambia asitazame, na mimi nikajikuta namwambia kwa sauti, "Usimtazame wewe!" Anatazama. Ndipo nalo linamwona, linanyoosha kidole, na wote wanamwangukia.

Nikanyamaza. Sikuweza kuyasema yale. Kwenye kompyuta zilikuwa zikisikika kelele tu, halafu, mbali, jogoo.

"Huyo jogoo?" mjomba akauliza.

"Ndiyo."

"Na Khoma?"

Msomaji, nilikuwa na uongo mdomoni. Nilitaka kusema amesimama, anajipangusa vumbi. Mzee wa miaka 70 na ushee, haoni, nani angemwambia? Alitupa jogoo sisi, mimi nishindwe kumrudishia? Nikasema, "Mashetani yanakimbia, mjomba, yanagombania mlango." Na hilo ni kweli, yanakimbia, yanakufa yakitafuta pa kutokea.

Lakini nilisahau kwamba masikio yake yanafanya kazi. Filamu haiishii kanisani. Wanatokea wale wenzake wawili wa seminari, wako kazini, wanazungumza habari za Khoma kama watu wanavyozungumza habari za mtu aliyekuwepo. Mjomba akainamisha kichwa upande wa kompyuta. Alikuwa akisikiliza Kirusi kile kama mtu anayesikiliza taarifa ya vifo redioni. Ikaisha.

"Amekufa," akasema. "Huyo mmoja anasema amekufa kwa sababu aliogopa. Angejikaza, wasingemfanya kitu."

"Sasa si ndiyo?" mke wake akauliza.

"Anasema hivyo kwa kuwa hakulala mle ndani."

Tukakaa. Nje pikipiki ilipita. Baada ya muda akaniomba nirudishe pale jogoo anapowika, tu pale. Nikarudisha. Akasikiliza, nikarudisha tena.

"Amechelewa kidogo tu," akasema, na akaomba chai.

Usiku ule hawakuniruhusu kutafuta nyumba ya wageni, nikatandikiwa sebuleni. Saa nane hivi nikasikia mjomba ananiita kutoka chumbani.

"Mjomba, zima taa, umeme ghali."

"Imezimwa, mjomba."

"Mimi sioni sura, lakini mwanga nauona chini ya mlango. Zima."

Nikazima. Nikahesabu mpaka 20, nikawasha ya simu.